Tisa kwa Kumi na Sita

Hamadi Famau ameniletea video imelala.
Dakika kumi na moja, kaipiga simu ikiwa ubavuni
kama mgonjwa wa wadi.
Anaitaka isimame,
sekunde arubaini na tano,
ijae kioo toka juu hadi chini,
wanunuzi wa Nairobi na Dubai waone
babake anavyochonga mlango.

Nimekaa ghorofani, Langoni,
juu ya duka la makava ya simu.
Najua kazi yangu:
upana elfu moja na themanini,
urefu elfu moja mia tisa na ishirini.
Maandishi usiyaweke chini, hapo hukaa jina la akaunti;
usiyabane kulia, kuna moyo, kuna mshale,
kuna kidole gumba cha mtu aliyechoka.
Sekunde tatu za kwanza ni za patasi.
Uso usubiri.

Tisa kwa kumi na sita.
Nikiitamka, mama aliye chumba cha pili
hukunja vidole: nane kwenda, nane kurudi.
Kwake kumi na sita ni mshororo.
Na hiyo tisa, anauliza, ina kina gani?

Lamu haikungoja simu ili isimame.
Vichochoro vyetu ni wima tangu zamani:
ukuta, ukuta, uzi wa mbingu,
na punda akipita na mawe
wewe ndiwe unayekatwa pembeni.

Basi naburuta fremu juu ya video.
Mlango umelala kwenye matofali, mbambakofi mzima.
Programu inajifanya kujua: inafuata uso,
inamrukia paka, inarudi.
Nikimweka mzee katikati
mlango unakuwa kipande cha biskuti.
Nikiufuata mlango, mzee anabaki kiwiko.
Nikitaka vyote viingie,
juu na chini panajaa ukungu,
ule ukungu wa kudanganyia,
video imejivika yenyewe.

Na kulia, ukingoni kabisa, yuko mtu mwingine.
Hachongi. Amekalia debe,
ameukanyaga ubao usicheze.
Dakika kumi na moja guu halitikisiki.
Mara moja tu anafukuza nzi.

"Huyo mtoe," Hamadi kaniambia.
"Ni ami. Twateta kwa nyumba ya Mkomani.
Kesi iko kwa kadhi."

Kumtoa ni rahisi. Tisa inamtoa yenyewe.
Nilisogeza fremu kushoto, ami akaisha
bila damu.
Ubao ukabaki unapigwa nyundo
na hauendi popote,
utadhani mbambakofi una adabu.
Nikaitazama mara sita.
Uongo ulikuwepo, na haukuwa ndani ya picha.

Dakika ya saba, mzee anasema, hamwambii mtu:
"Mwango huchongwa ulele.
Aibu zake hutoka ukisimama."
Maneno hayo Hamadi hakuniambia niyakate.
Nadhani hakufika dakika ya saba.

Stima ikakatika.
Mama akauliza gizani, wahesabu nini wewe?
Nikamweleza: ubao, nyundo, debe, ami.
Kimya. Nikasikia vidole vikitembea kwenye mkeka.

*Mlango hauchongeki, pasi na guu la mtu.*

Nane, nane, akasema, akajilalia.

Stima iliporudi, saa tano usiku,
nilisogeza fremu kulia
upana wa kiganja, si zaidi.
Uso wa ami haumo; nimetii.
Limo guu: vidole vitano, ukucha mmoja mweusi,
vumbi la mbao hadi kifundoni,
liko juu ya pale utakapokaa mshale.

Jana mteja wa Malindi alimpigia Hamadi.
Hakuuliza bei.
Aliuliza lile guu ni la nani.

Hamadi hajanilipa.
Wala hajaniambia niifute.